Kanisa la Silver Bluff, Kando ya Mto Savannah

Mto Savannah huko Marekani hutenganisha majimbo mawili, Georgia na South Carolina. Mji wa Augusta uko upande wa Georgia. Msafiri akivuka daraja la Augusta, kisha akaufuata mto kuelekea baharini kwa upande wa South Carolina, mwendo wa maili 12 hivi wamfikisha mahali paitwapo Silver Bluff, maana yake Ukingo wa Fedha. Jina hilo lisimpotoshe msomaji, kwani utajiri wa mahali pale haukuwa fedha. Ulikuwa ngozi za paa. Na kijiji kilicho karibu chaitwa Beech Island, yaani kisiwa, wala si kisiwa. Labda ndivyo ilivyo desturi ya nchi ile, kwamba mgeni asiamini kibao cha njiani mpaka ameuliza wenyeji.

Siku hizi sehemu kubwa ya Silver Bluff ni misitu na mabwawa, nayo imetengwa iwe hifadhi ya ndege. Korongo wakubwa weupe huja kuvua samaki katika mabwawa hayo, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama tu. Lakini habari ninayotaka kuwaandikia wasomaji si ya korongo. Ni habari ya kanisa moja la mashambani, Kanisa la Kibaptisti la Silver Bluff, ambalo lilianzishwa na watumwa, watu waliozaliwa na wazazi waliotekwa Afrika au waliotekwa wao wenyewe. Na mmoja wao akairudia Afrika, akiwa mchungaji, kabla ya wamisionari wengi ambao majina yao tulifundishwa shuleni.

Nitaanza na mwenye ardhi. George Galphin alikuwa mtoto wa mfumaji wa kitani huko Ireland. Mwaka wa 1737 alivuka bahari akaja Marekani, akaanza kufanya biashara na watu wa kabila la Creek, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile kabla ya Wazungu. Yeye aliwapelekea nguo, bunduki na pombe kali, nao walimpa ngozi za paa, ambazo zilipakiwa katika mashua na kuteremshwa kwa mto mpaka bandarini, kisha zikaenda Ulaya kushonwa viatu na suruali. Kwa biashara hiyo Galphin alitajirika sana. Alijenga nyumba ya matofali juu ya ukingo wa mto, akawa na bohari, na kinu cha maji, na mashamba, na watumwa wengi. Watoto wake wengine walizaliwa na wanawake wa Creek na wengine na wanawake Waafrika, na katika wasia wake aliwaandikia uhuru baadhi yao. Hakuwa mtu mkali kama wengine wa wakati wake; lakini aliyekuwa mtumwa wake alikuwa mtumwa, na jambo hili tusilisahau tunapoendelea.

Kwa mtu huyo alifika kijana mmoja aliyeitwa David, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la David George. Habari zake twazijua kwa sababu mwaka wa 1793, alipokuwa safarini Uingereza, aliwasimulia wachungaji wawili, Rippon wa London na Pearce wa Birmingham, naye Rippon akaziandika na kuzichapa katika kitabu chake cha habari za Wabaptisti. Sisi tufanyao kazi maofisini twajua thamani ya jambo hili. Kanisa la watumwa halikuwa na karani wala daftari la ushirika, na kama mzee huyu asingaliulizwa, na maneno yake yasingaliandikwa siku ile, leo tungekuwa na uvumi tu.

David alizaliwa yapata mwaka wa 1742 katika wilaya ya Essex, jimbo la Virginia. Baba yake na mama yake, John na Judith, waliletwa kutoka Afrika. Utotoni alichota maji na kuchambua pamba. Alipokua akalima tumbaku na mahindi. Bwana wao alikuwa mtu wa mjeledi. David alimwona dada yake akipigwa hata mgongo wote ukawa jeraha. Alimwona kaka yake, aliyekuwa ametoroka akakamatwa, akitundikwa mtini mikono juu na kupigwa viboko zaidi ya mia tano, kisha mgongo ukasuguliwa kwa maji ya chumvi, na siku ile ile akarudishwa shambani. Lakini alisema kwamba kilichomshinda kabisa kilikuwa kumwona mama yake, mpishi wa nyumba, akipigwa na kupiga magoti kuomba rehema. Hapo alitoroka.

Alikwenda kusini, mto baada ya mto. Mwana wa bwana wake akamfuata maili mamia. Mwishowe David akafika katika nchi ya Creek, ambako alitekwa na jumbe mmoja, akawa mtumwa wake. Akakombolewa kwa pombe, kitani na bunduki ili arudishwe Virginia, akatoroka tena, akaangukia mikononi mwa jumbe mwingine, na huyo akamwuza kwa Galphin. Miaka mitatu alikaa porini akimtumikia mfanya biashara wa Galphin, akitengeneza ngozi, na kila mwaka akizileta Silver Bluff juu ya farasi, safari ya maili 400. Kisha akamwomba Galphin ahamie Silver Bluff, akakubaliwa. Huko alimwoa Phillis.

Wakati huo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mlevi, na alipenda mambo yake. Siku moja alipita mtu mweusi kutoka Charleston, jina lake Cyrus, akamwambia kwamba akiendelea kuishi hivyo hatauona uso wa Mungu. Neno lile halikumtoka. Akajaribu kuomba, akaona dhambi zake ni mzigo asioweza kuutua. Hatimaye akapata amani, akaanza kutafuta mahali pa kusikia Neno.

Hapa yaja majina mawili ambayo lazima tuyaweke mahali pake. La kwanza ni George Liele, mtumwa kutoka Virginia aliyekuwa Georgia, ambaye bwana wake, shemasi wa Kibaptisti, alimpa ruhusa ya kuhubiri, na baadaye akamwacha huru. Liele alisafiri kwa mashamba ya kando ya Mto Savannah. David alimsikia akihubiri katika shamba la mahindi, kwa maneno ya Bwana Yesu ya kuwaita wasumbukao na kulemewa na mizigo. Mkulima msomaji wa gazeti hili aweza kuiona picha hiyo bila msaada: mahindi yaliyosimama, na watu wenye majembe wakisikiliza. Kwa watu wale maneno hayo ya mizigo hayakuhitaji mfano.

La pili ni Wait Palmer, mhubiri Mzungu aliyetoka kaskazini, jimbo la Connecticut. Yeye alikuja akahubiri kinuni kwa Galphin mbele ya mkutano mkubwa. Wakaja watu wanane waliotaka kubatizwa, David na Phillis wakiwamo, na pia kijana aliyeitwa Jesse. Palmer aliwabatiza katika mfereji wa kinu, kwa kuwazamisha majini kama iwapasavyo Wabaptisti, akawaweka kuwa kanisa, akawapa Meza ya Bwana. Basi kanisa lilianza na watu wanane. Hawakuwa na nyumba wala kengele, na hata miili yao ilihesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine. Walikuwa na maji ya kinu tu, na ruhusa ya bwana ambayo ingaliweza kuondolewa asubuhi yo yote.

Watu hawakubaliani juu ya mwaka. Jiwe la msingi la kanisa la leo lasema 1750. Mwanahistoria Walter Brooks, aliyeandika habari hii mwaka wa 1922, alizipima tarehe akaona kwamba kanisa lilianzishwa kati ya mwaka wa 1773 na 1775. Huko Virginia nako yako makanisa ya watu weusi yadaiyo kutangulia. Mabishano haya yanafanana na yale ya kwetu, ukoo upi ulifika kwanza mtoni. Na kama yale ya kwetu, hayatamalizwa na barua za magazetini. Kwa maoni yangu hesabu ya Brooks ina nguvu zaidi, kwani yashikamana na maneno ya David mwenyewe. Lakini watu waliweza kuwa wakikutana kwa sala kandokando ya mto ule miaka mingi kabla ya Palmer kufika, na huenda jiwe lahesabu sala, naye Brooks ahesabu ubatizo.

Baada ya Palmer kwenda zake, walimchagua David awe mzee wa kanisa. Kisha vita vikaja. Mwaka wa 1775 makoloni yale yaliinuka kupigana na Serikali ya Uingereza, na mabwana wa mashamba wakaogopa. Gavana wa Virginia alikuwa ametangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayekimbilia jeshi la Mfalme atakuwa huru, na habari hiyo ilienea mashambani upesi kuliko barua. Basi wahubiri wageni wakakatazwa kuingia, wasije wakawaletea watumwa habari nyingi mno. Kanisa likabaki bila mhubiri ila David, naye David hakujua kusoma.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Sheria ya South Carolina ya mwaka wa 1740 ilikataza mtu ye yote kumfundisha mtumwa kuandika, na faini yake ilikuwa pauni 100. Walioitunga sheria ile waliijua nguvu ya kalamu: mtumwa ajuaye kuandika aweza kujiandikia cheti cha njia. David hakuvunja mlango, alipitia dirishani. Kwa Galphin palikuwa na mwalimu wa Kizungu wa kuwafundisha watoto wa nyumba, na David akawaendea watoto wale wadogo kuwaomba wamwonyeshe a, b, c. Walimpa somo, akaenda kulirudia peke yake, kisha akarudi kuwauliza kama amepatia. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye mke na watoto, alisahihishwa na watoto wa bwana wake! Akaendelea hivyo mpaka akaweza kuisoma Biblia. Alisema kwamba mambo aliyokuwa nayo moyoni aliyaona tena yameandikwa. Wengi wetu tuliofundishwa katika shule za misheni twakumbuka siku ya kwanza ambayo herufi ziliungana zikawa neno. Lakini sisi tulikuwa na mwalimu, ubao, na wazazi waliotulipia karo.

Chini ya mzee huyo kusanyiko liliongezeka kutoka watu wanane hata zaidi ya 30. Galphin hakulizuia.

Siku ya tarehe 29 Desemba 1778 majeshi ya Mfalme yaliuteka mji wa Savannah, karibu na mdomo wa mto, yakaanza kupanda kuelekea juu. Galphin alikuwa upande wa waasi, naye ndiye waliyemtegemea katika shauri la kulituliza kabila la Creek. Kwa hiyo alikimbia. Watumwa wake wakabaki wenyewe ukingoni, na mbele yao zilikuwa njia mbili.

Msomaji asidhani kwamba shauri hilo lilikuwa jepesi. Kwenda kwa Waingereza kulikuwa kwenda kwenye vita, njaa na ndui, kwa ahadi ya serikali ambayo yenyewe ilikuwa na watumwa wengi katika visiwa vyake vya sukari. Kubaki kulikuwa kubaki mtumwa. David na Phillis walichukua watoto wao, na watu wengine wa Galphin hamsini na zaidi wakafuatana nao, wakateremka kwa jeshi la Mfalme. Kanisa la Silver Bluff, kwa hesabu ya macho, lilikwisha siku ile. David alitiwa gerezani mwezi mmoja hivi kwa kushukiwa, akaugua ndui karibu kufa, na Phillis akawalisha wote kwa kufua nguo za maofisa. Alipopona alifungua kibanda cha kuuza nyama mjini Savannah. Galphin mwenyewe alifariki mwaka wa 1780, na mwaka wa 1781 ngome iliyokuwa penye boma lake ikatekwa na Wamarekani.

Sasa mambo yakatawanyika, nami sina budi kufuata njia tatu.

Liele alikaa Savannah akihubiri muda wote mji ulipokuwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka wa 1782, kabla ya kuondoka pamoja na jeshi, alimbatiza mtumwa mmoja aliyeitwa Andrew Bryan pamoja na mkewe na wengine. Kisha akaenda Jamaica, na katika mji wa Kingston akaanzisha kanisa miaka kumi kabla William Carey hajatia mguu Bara Hindi. Bryan alibaki Savannah akihubiri; yeye na watu wake wakapigwa mijeledi hadharani, naye akawaambia waliompiga kwamba yu tayari kufa kwa ajili ya Kristo.

Jesse, yule aliyebatizwa kinuni, alirudi Silver Bluff baada ya vita. Jambo hili limewashangaza waandishi wengi. Aliwahi kuwa ndani ya mipaka ya Waingereza, angaliweza kupanda merikebu kama wengine, lakini alirudi mahali alipokuwa mtumwa, akalikusanya tena kanisa. Mabwana wake walimpa nafasi ya kuhubiri huko na huko, na watu weusi kwa Wazungu walimsifu. Mwezi wa Januari 1788 alikwenda Savannah pamoja na mchungaji Mzungu, Abraham Marshall, wakamwekea mikono Andrew Bryan na kulithibitisha kanisa lake. Basi mtu wa mto wa juu alikwenda kulisimamisha kanisa la mto wa chini. Mwaka wa 1793 sehemu kubwa ya kusanyiko la Silver Bluff ilihamia mjini Augusta pamoja naye, na huko likawa Kanisa la Springfield, ambalo lipo mpaka leo.

Kama nikiulizwa nani kati ya hao wawili alikuwa mwenye moyo mkubwa zaidi, David aliyekwenda au Jesse aliyerudi, sitajibu. Nitasema tu kwamba habari za David zimeandikwa mara nyingi, kwa kuwa alisafiri na kuonana na watu wenye kalamu. Na mtu akaaye nyumbani kulinda boma huandikwa mara chache.

David na jamaa yake walipelekwa Nova Scotia, nchi ya baridi kali kaskazini, ambako Serikali ya Uingereza iliwaahidi ardhi watu weusi walioutumikia upande wake. Katika mji mpya wa Shelburne alianza kuimba na kuhubiri msituni, maana Wazungu wengine hawakutaka akae mjini. Watu wakaja kumsikia, weusi na weupe. Alipata shamba dogo, wakajenga nyumba ya sala, na kijito kikapita hapo hapo, kikawafaa kwa ubatizo. Alipombatiza mwanamke Mzungu, jamaa za yule mwanamke walikuja kuleta fujo. Tena mwezi wa Julai 1784 askari walioachishwa jeshi, wasio na kazi, waliwashambulia watu weusi kwa kuwa walikubali mshahara mdogo. Walikuja na kamba na ndoano za merikebu, wakaivuta nyumba ya David ikaanguka, na nyumba nyingine nyingi. Yeye aliendelea kuhubiri hata walipomwendea na fimbo, wakampiga na kumfukuzia kinamasini. Usiku alirudi kumchukua mkewe na watoto.

Miaka saba baadaye Luteni John Clarkson wa jeshi la majini alifika na habari kwamba Kampuni ya Sierra Leone yataka watu wa kwenda kuanzisha mji katika pwani ya Afrika ya Magharibi. David alikuwa mmoja wa wasaidizi wake wakubwa. Tarehe 15 Januari 1792 merikebu 15 zilitweka kutoka Halifax zikiwa na watu karibu 1,200, na mwezi wa Machi wote waliokuwa hai walikuwa wamewasili. Wengi wa kusanyiko la David walikuwa ndani. Jumapili ya kwanza alihubiri chini ya tanga la merikebu lililotandazwa. Kisha wakajenga nyumba ya sala kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, fito juu yake, na nyasi za kuezekea. Mtu aliyezaliwa utumwani Virginia alisali Jumapili zake katika nyumba ambayo babu yake angaliitambua mara moja.

Jumuiya ya Wamisionari wa Kibaptisti ya Uingereza iliundwa Kettering mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1792. Carey alifika Bara Hindi mwaka wa 1793. Sisemi hivyo ili kupunguza sifa ya Carey, mtu wa haki na mfasiri hodari. Nasema ili tarehe zikae kwa taratibu yake. Wakati jumuiya ile ilipokuwa bado yaandika kanuni zake, Wabaptisti walikuwa wamekwisha kusali Freetown miezi saba.

Wala si kwamba mambo yalikuwa mema yote Freetown. Kampuni ilitaka kodi ya ardhi, na watu waliokuwa wameahidiwa ardhi bure walikasirika, mpaka mwaka wa 1800 wengine wakashika silaha. David alikuwa upande wa utawala, na wako waliomlaumu kwa hilo. Labda mtu aliyeona nyumba yake ikivutwa kwa kamba alikuwa ameshiba fujo. Alifariki mwaka wa 1810.

Sasa turudi Augusta, maana mji ule una mambo mawili ambayo msomaji wa Kenya apaswa kuyajua. Mwezi wa Mei 1845 Wabaptisti Wazungu wa majimbo ya kusini walikutana mjini humo wakaunda Mkutano wao wenyewe, wakijitenga na wenzao wa kaskazini. Sababu ilikuwa kwamba watu wa kaskazini hawakukubali kumtuma mwenye watumwa awe mmisionari. Yaani jambo hilo lilifanyika katika mji ule ule ambamo Kanisa la Springfield, wana wa Silver Bluff, walikuwa wakisali kwa zaidi ya miaka 50. Mkutano huo wa Kusini ndio uliowatuma wamisionari waliofika Kenya na Tanganyika mwaka wa 1956, ambao kwa mikono yao wengi wetu tulianza kulisikia jina la Wabaptisti. Mwaka wa 1995 Mkutano huo ulitamka hadharani toba yake kwa habari ya utumwa. Basi jina lilitufikia kwa njia ya wale wa 1845. Lakini lilikuwa limekwisha kufika Afrika miaka 164 kabla, chini ya tanga la merikebu.

Jambo la pili ni la elimu. Mwaka wa 1867, vita vya kuwaacha watumwa huru vilipokuwa vimekwisha miaka miwili tu, shule ya watu weusi ilifunguliwa katika chumba cha chini cha Kanisa la Springfield. Mwaka wa 1879 ilihamia Atlanta, na tangu mwaka wa 1913 yaitwa Chuo cha Morehouse. Martin Luther King alimaliza masomo yake hapo mwaka wa 1948. Ni mwendo mrefu kutoka kwa watoto wale waliomwonyesha David herufi tatu za kwanza, lakini ukiufuata nyuma hatua kwa hatua, kutoka Atlanta mpaka Augusta na kutoka Augusta mpaka mtoni, hauoni mahali ulipokatika.

Na Silver Bluff je? Hawakuhama wote mwaka wa 1793, na waliofuata walilijenga upya kanisa lao zaidi ya mara moja. Leo lipo Beech Island kando ya barabara, na kibao cha historia cha jimbo kimesimamishwa nje. Ni kanisa la mashambani la kawaida, la ukubwa ambao sisi nasi tungejenga. Watu wa Augusta huenda hifadhini kutazama korongo, wakalipita.

Kama ningeulizwa shauri kuhusu lile jiwe la mwaka wa 1750, nisingelifuta. Ningeomba tu waongeze mstari chini yake: kwamba walibatizwa wanane katika mfereji wa kinu, wakiwamo Jesse aliyerudi, na David na Phillis, waliovuka bahari, na kwamba David alifia Freetown.